Tundu Alizoziba Mung'aro

Mung'aro hakupenda kuitwa kibarua. Mwite fundi, mwite mzee, mwite hata mpumbavu ukitaka, lakini ukimwita kibarua siku yake imeharibika. Na kibarua ndicho alichokuwa. Miaka ishirini na sita alikalafati majahazi kwenye bandari ya zamani, kule Mji wa Kale: anasokota pamba, anaichovya mafuta, anaipigilia katikati ya mbao na mbao mpaka maji yasipate pa kupita. Kazi ilipokufa, naye nusura afe nayo. Mtu wa miaka hamsini na minne akawa kila asubuhi anasimama langoni mwa karakana moja ya Shimanzi pamoja na vijana wa rika la wanawe, akingoja kuchaguliwa. Kuchaguliwa kama nyanya sokoni! Alirudi nyumbani Kibokoni akiwa na hasira za kupiga ukuta.

Aliyemtoa hapo langoni ni Kioko, Mkamba wa Kitui, nyapara wa karakana hiyo iliyotengeneza magari ya kukodisha watalii. Kioko alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na hana makuu. Asubuhi moja alimsikia mzee akijigamba kwamba hakuna maji yaliyowahi kumshinda, akamwendea.

"Shikamoo mzee. Ya kuziba maji ni kweli?"

"Marahaba. Kwani mimi na umri huu nitakudanganya wewe?"

"Basi njoo ndani. Kuna kijumba kinatutoa jasho."

Kijumba chenyewe kilikuwa cha kupachikwa mgongoni mwa pikapu: kuta za plaiwudi zilizovishwa bati jepesi, kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko la gesi, madirisha mawili. Wageni walilala humo huko Tsavo, na kila kukinyesha waliamka godoro limerowa. Meneja, Bwana Tom, alisema mbele ya wote: mvua za vuli zikipita na kijumba kikavu, Mung'aro atapata barua ya kuajiriwa. Dama, mkewe, aliposikia habari hiyo alipiga kigelegele mpaka jirani wa chini akatoka kuuliza ni nani anayeozwa.

Mungu ampe mtu haki yake: ule uvujaji Mung'aro aliutafuta kwa ustadi. Alijipaka chaki mikononi, akayapaka maungio yote ya ndani yakawa meupe, kisha akajifungia humo kwenye joto la kukausha nguo, na Kioko nje akamwagia maji kwa mpira. Alimkataza kuanza juu. "Anza chini, panda polepole, mshono mmoja mmoja. Ukimwaga kote kwa pamoja utajuaje yameingilia wapi?" Chaki ilipolowa ikageuka nyeusi, alipiga ukuta kwa ngumi ili Kioko asimamishe maji. Lile tone lililoangukia kitandani, kumbe lilikuwa linaingilia kwenye misumari ya taa ya paa, hatua mbili kutoka hapo, likitambaa ndani ya dari. Alibandua gundi yote iliyooza, akatia mpya, akaizungushia tundu ya hewa na pembe za mbele. Walipomwagia tena, halikuingia hata tone. Kioko alicheka kwa furaha kama vile kijumba ni chake.

Kilichobaki ni zile tundu za chini. Kwenye ukingo wa bati, chini kabisa ya kuta, kulikuwa na vitundu vyembamba kama ncha ya penseli, vimepangwa kwa safu.

"Hizo usiziguse, mzee," alisema Kioko. "Maji yakipenya ukutani, na yatapenya tu, gari linatikisika, ndiko yanakotokea."

Mung'aro aliguna. Tundu ya chini! Mkalafati gani ataiacha tundu ya chini ikimkodolea macho? Chombo huzama kwa tundu za chini, hata mtoto anajua. Nyinyi wa bara, alisema moyoni, maji mmeyajulia kwenye mtungi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi Kioko alipokwenda mjini kutafuta vipuri, mzee alilala chali chini ya kijumba, akazipigilia pamba zote, moja baada ya nyingine, akapaka lami juu, akajisikia amefanya kazi ya mwanamume.

Jumatatu alisema tu, "Nimekwisha maliza." Kioko alipaswa kuinama kukagua kabla ya kutia sahihi. Hakuinama. Aliona haya kumkagua mtu wa umri wa babake, akatia sahihi.

Mwaka huo ulikuwa tisini na saba. Agosti zilikuwa zimetokea zile ghasia za Likoni za kuwafukuza watu wa bara, na wengi wao walikuwa wamefunga virago na kukimbilia kwao, lakini Kioko alibaki. Oktoba mvua ikaanza, na si mvua tuliyoizoea. Barabara zilikatika. Kijumba kilikaa safarini wiki sita, na kiliporudi Shimanzi ukuta wa kushoto ulikuwa umevimba, na harufu yake, lahaula, ungedhani kuna mzoga.

Kioko alilala chini, akachungulia. Kisha alichukua bisibisi akaichoma lami. Maji meusi yalimwagika mpaka kwenye viatu vya Bwana Tom. Mbao za ndani zilikuwa zimeoza, zinabonyea kama muhogo uliochemka.

"Nani aliziba hizi tundu?" aliuliza Bwana Tom.

Kioko alimtazama Mung'aro. Hakumtaja. Mdogo hamtaji mkubwa kwa kosa lake mbele za watu. Humngoja mwenyewe aseme. Alingoja. Neno "mimi" lilimfika mzee kooni kabisa. Lakini nyuma ya Bwana Tom aliliona lango, na wanaume waliosimama nje yake mvuani wakingoja kuchaguliwa. Akalimeza.

"Na sahihi ya ukaguzi ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema Kioko.

"Basi mwenye sahihi ndiye mwenye kosa. Kazi yako imekwisha. Kabidhi funguo leo."

Mtaniambia alikuwa na njaa, alikuwa na mke, alikuwa mzee. Nayajua hayo yote. Bado nasema alikuwa mwoga, na asante ya punda ni mateke.

Jioni Kioko alipita na sanduku lake la vyombo. Mung'aro alijifanya anatafuta kitu chini ya pikapu. Kioko alimngoja mpaka akatoka, akampa mkono.

"Mzee, mimi nakwenda. Kaa salama. Msalimie mama."

Mung'aro alitaka kuomba radhi, wallahi alitaka. Alisema, "Haya."

Ukuta aliujenga upya yeye, maana hakukuwa na mwingine wa kuujenga. Safari hii tundu za chini aliziacha wazi. Mvua iliendelea, kijumba kikabaki kikavu, na mwezi wa Desemba Bwana Tom alimpa barua ya kuajiriwa.

Dama aliisoma mara tatu. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akapakua sahani moja pembeni, akaifunika.

"Hii ya nani?"

"Ya Kioko. Barua hii imetoka mkononi mwake, au umesahau? Mpelekee, au mlete ale nasi."

"Kioko ameshakwenda kwao," alisema Mung'aro. "Kama wenziwe. Aliogopa."

Dama aliketi. "Maskini. Kwenda hivyo tu, na wema wote ule? Asikuage?"

Mung'aro alimega samaki.

"Hakuniaga," alisema.

Dama alisonya, akamhukumu Kioko kuwa hana adabu, akaisogeza ile sahani mbele ya mumewe. Naye aliila yote.