Kitenge juu ya tableti

Dakika thelathini na nane za rekodi ya Mama Nabintu zimesalimika. Amethibitisha fundi wa simu hapa Base Camp, sokoni mwa kambi ya wakimbizi, saa kumi jioni hii.

Sasa naweza kukaa.

Mchana mama huyo, mkulima kutoka Kivu Kusini, alinisimulia jinsi jirani yake hapa kambini alivyosogeza mpaka na kumega shamba lake. Tableti yangu ilikuwa uani, mezani, ikirekodi. Akaifunika kwa kitenge. Kwake, kitu cha mgeni hakiachwi kwenye vumbi.

Nikashukuru. Ninyi mngekiondoa?

Jua lilikuwa la utosi. Alipomaliza nikafunua: tableti inaunguza kama sufuria, kioo cheusi.

"Tuitie mu mayi, muandishi!" Mama alikuwa tayari ameinua ndoo ya maji.

"Hapana, mama!"

"Basi yote imepotea? Mimi siwezi kurudilia. Kulia mara moja kunatosha."

Tukaikimbiza kwa fundi. Aliiweka kivulini, akatukataza kuiwasha kwa saa nzima. Mimi nilizunguka kibanda chake. Mama alinizunguka mimi.

Ilipowaka, fundi akacheka: "Mama, uliifunika sawa mutoto wa malaria."

Kamati ya ardhi itaisikiliza rekodi Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mama atakuwepo. Kitenge atakivaa mwenyewe.