Mzee Aliyenyolewa na Mwanawe

Juzi nilikwenda Msambweni kumtazama jirani yangu aliyelazwa hospitali. Kwenye kitanda cha pili alilala mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, na mwanawe, mhudumu wa hoteli huko Diani, alikuwa akimnyoa ndevu.

Kijana alishika mashine ya chuma, ile ya kutiwa wembe. Alimkanda babake mashavu kwa kitambaa cha maji moto, akampaka povu la sabuni, kisha akavuta ngozi kwa vidole na kuishusha mashine taratibu, bila kuikandamiza, akifuata ndevu zilivyolala. Sikuona hata tone la damu.

Mzee alijipapasa shavu. "Laini kabisa," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Mpishi wa hotelini, baba. Siku ya kwanza kazini nilifika nimejikatakata uso mzima. Akanihurumia, akanisimamisha mbele ya kioo."

Povu lilianza kumkaukia mzee kidevuni. Jirani yangu alininong'oneza kwamba miaka ile kijana alipoanza kuota ndevu, mzee alikuwa na mke mwingine ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, na huku nyumbani alikuwa akija kwa nadra.

"Kazi hiyo ya kukufundisha ilikuwa yangu mimi," mzee akasema.

"Inua kidevu, baba," kijana akamjibu kwa upole, akaendelea kunyoa.

Sisi akina baba hudhani tukirudi tutawakuta watoto palepale tulipowaacha. Ndevu zao hazina subira hiyo. Mzee aliinua kidevu, akafumba macho.