Mtani Aliyekataa Kushika Mwiko

Juzi nilikwenda msibani Madale, kwa watu wenye uwezo wao. Turubai lilikuwa jeupe, viti vimevalishwa vitambaa, na chakula kililetwa na gari la watu wa kukodi. Kila jambo lilikwenda kwa wakati wake. Mjane alikaa ndani kwenye godoro, kanyamaza, na sisi tulioingia kumpa pole tukanyamaza naye, kisha tukatoka tukavaa viatu vyetu. Nilikaa mpaka jioni nikisubiri kitu ambacho hakikuja. Hakuna hata mtu mmoja aliyewatukana wafiwa.

Usinishangae, rafiki yangu. Kama wewe ni wa umri wangu, unajua ninachokisema. Kama ni kijana, vuta kiti nikusimulie habari za Manzese ya utoto wangu, na za mwanamke mmoja wa Kizaramo aliyemtukana mama yangu miaka nenda miaka rudi, na kwa matusi hayohayo akamshikilia asianguke.

Sisi ni Wanyamwezi wa Tabora, na nyumbani kwetu tulikuwa Wakatoliki. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo, upande wa mitambo. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, paa la bati lililochakaa, na mvua ikinyesha tulikuwa tunapanga masufuria sakafuni kabla ya kupanga mikeka. Ukuta kwa ukuta na sisi aliishi yule jirani. Alikuwa Mwislamu, mjane wa siku nyingi, watoto wake wakubwa wameshaondoka kila mmoja na maisha yake. Alikuwa na shamba la mihogo huko Kimara, enzi hizo Kimara ni pori, na alikuwa na mdomo. Sisi watoto tulimwita Mama Mtani.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, walipokuwa Wanyamwezi wakishuka pwani na mizigo vichwani na Wazaramo wakiwapokea. Kwa hiyo Mama Mtani alikuwa na haki ya kuingia kwetu bila hodi, kuonja mboga jikoni, kusema haina chumvi, na kumuuliza mama kama kwao Tabora chumvi bado inaletwa kwa miguu. Mama naye akimjibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma anaweza kuuza mnazi na kivuli chake. Walikuwa wanatukanana hivyo tangu asubuhi huku wanachambua mchele kwenye ungo mmoja. Kukasirika ni aibu. Mtu akimkasirikia mtani wake, watu humwona hakulelewa.

Asubuhi za Manzese nazikumbuka kwa sauti. Adhana kwanza, kisha king'ora cha kiwanda, kisha ndoo za wanaokimbilia foleni ya bomba. Ulikuwa wakati wa shida ya vitu. Sabuni ilikuwa ya kusubiri, sukari ya kusubiri, na unga tuliokula ni ule wa njano tuliouita yanga, ambao ugali wake ulikuwa na harufu ya gunia. Baba aliula kwa pilipili nyingi akisema ulimi ukiungua hauulizi maswali.

Vita vya Kagera vilipoanza, baba alikuwa mgambo, na walipochukuliwa wa kiwandani naye akaenda. Aliondoka asubuhi moja na begi dogo. Redio ikawa ndiyo habari yetu ya baba. Mama aliisikiliza amesimama, hata sufuria ikiungua.

Vita vikaisha. Askari wakarudi, tukapanga mstari barabara ya Morogoro na matawi ya miti mikononi, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mimi nilikuwa naangalia nyuso, lori baada ya lori. Baba hakuwemo. Mama akaenda ofisi hii akaambiwa asubiri, akaenda ile akaambiwa asubiri. Hakuna aliyesema amekufa, wala aliyesema yu hai. Majirani mmoja mmoja wakaanza kumsalimia mama kwa sauti ya chini, kama anavyosalimiwa mgonjwa.

Ndipo mama alipoacha kusali. Alitundika rozari yake kwenye msumari nyuma ya mlango, na Jumapili akawa anatupeleka sisi mpaka lango la kanisa, yeye anarudi. Nilikuwa mkubwa kati ya watoto watatu, na jambo lile liliniogopesha kuliko vita. Nilijiambia kama mama hasemi tena na Mungu, basi nani atamkumbusha Mungu habari za baba.

Mama Mtani aliliona. Jioni moja baada ya magharibi aliingia na kibao chake cha mbuzi na nazi mbili, akaketi ukumbini, akaanza kukuna.

"We Mnyamwezi, mie nishaswali," akasema. "Rozari yako iko wapi?"

Mama akasema hana la kumwambia Mungu.

"Basi mwambie hivyohivyo. Mie mwenyewe siku nyingine naswali nimenuna. Yeye kashazoea."

Mama hakuinuka. Kesho yake Mama Mtani akaja tena, na keshokutwa, kila siku baada ya magharibi, akiuliza swali lilelile na kukuna nazi ambazo wala hatukuwa na mboga ya kuzitilia. Mwishowe nadhani mama alichoka na mlio wa mbuzi. Alinyanyuka, akaichukua rozari msumarini, akapiga magoti kwa hasira. Mama Mtani akaacha kukuna, akatulia kimya mpaka Salamu Maria ya mwisho, akiwa na ushungi wake kichwani. Kisha akasema Wakatoliki wanarudiarudia maneno kama Wanyamwezi wanaohesabu mizigo, akaenda kwake. Ikawa ndiyo desturi, na Jumapili moja mama akapita nasi lango la kanisa. Na mimi nasema mpaka leo, aliyemrudisha mama yangu kanisani ni Mwislamu wa Kizaramo.

Aliyemfundisha kutulisha ni huyohuyo. Alimletea mihogo ya Kimara, wakawa wanaichoma pamoja alfajiri, na mama anaipeleka lango la kiwanda zamu zinapopokezana, pamoja na chumvi na pilipili ya kusaga. Mikono ya mama ikawa myeusi kwa majivu. Lakini tulikula, na hakuna aliyetolewa shule.

Kisha baba mkubwa akaja kwa treni kutoka Tabora. Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alimpenda mdogo wake, na alikuwa amechoka kusubiri kama sisi. Aliketi na wazee wawili wa kwetu waliokuwa wakiishi Magomeni, akasema waliorudi wamesharudi. Tumlilie marehemu, tukae matanga, tumalize. Baada ya hapo mama afungashe. Yeye mama angekwenda kijijini kwa wakwe, mimi ningepelekwa kwa shangazi Nzega, na wadogo zangu wangegawanywa kwa ndugu wengine. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, akinipapasa kichwa.

Mama alisema hapana. Alisema mumewe hajafa mpaka mtu amwambie amekufa, na watoto wake hawagawanywi. Wazee wakatazama chini kwa heshima, halafu wakaendelea kupanga siku kama kwamba hakusema.  Mama akaniangalia, akaniambia nikamwite jirani.

Mama Mtani alikuja na mikono ina udongo wa mihogo. Hakuingia ndani. Aliketi palepale kwenye kizingiti, akawaamkia wazee, akauliza kuna nini. Baba mkubwa akamweleza, na kwa adabu akamwomba, yeye akiwa mtani, awashe moto wa msiba kama inavyotakiwa. Maana kwa desturi yetu wafiwa hawajipikii. Mtani ndiye anayeshika jiko, ndiye anayetuma watu, ndiye anayefungua msiba, na bila yeye mambo hayaendi.

Mama Mtani akapangusa udongo mikononi.

"Shemeji," akasema, "babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, hawakuangusha hata moja. Leo nyie mmekuja kuzika. Mzigo wenyewe mmeuacha wapi?"

Mzee mmoja wa Magomeni akacheka kabla hajajizuia. Baba mkubwa akajaribu kukunja uso, lakini utamkunjia uso mtani?

"Msiba wa nyumba hii mtani wake mie," akaendelea, na sasa hakuwa anatania. "Sijaona maiti. Sijaona kaburi. Sijamsikia mtu akisema, nilimzika kwa mikono yangu. Basi sishiki mwiko, wala moto siwashi. Anayetaka matanga na ajipikie mwenyewe, akaseme kwao Tabora kwamba alijipikia."

Walikaa mpaka alasiri wakimbembeleza. Hakuondoka kizingitini. Mwishowe baba mkubwa alisema atarudi masika yakiisha, na safari hiyo, habari iwepo isiwepo, tutaondoka naye. Alipokuwa anavaa viatu alimwambia Mama Mtani kwamba Wazaramo ni watu wagumu. Akajibiwa kwamba ugumu huo ni wa kula mihogo.

Habari ilikuja masika yenyewe, barabara zote zimejaa tope. Kijana mmoja wa mgambo aliingia uani kwetu akichechemea kwa fimbo. Alikuwa pamoja na baba kule vitani. Alikuwa amelazwa hospitali muda wote ule, na alipopata nguvu ya kutembea sisi tulikuwa wa kwanza kutafutwa. Alisema baba alipigwa risasi ng'ambo ya mpaka, wakamzika palepale, na yeye ni mmoja wa waliochimba. Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama kuna mtu aliyemwombea.

"Tulisema Baba Yetu, mama," yule kijana akajibu. "Na Mwislamu mmoja akasoma dua."

Mama Mtani alikuwa amesimama kwa nyuma. Alitoka, akaenda kuwasha moto.

Sasa ndiyo msiba ukawa msiba. Baba mkubwa alikuja, watu wa jumuiya ya kanisa wakaja, na akina mama wa mtaani wakalala kwetu ukumbini, wa ushungi na wa rozari wamechanganyika. Mama alikaa ameuelekea ukuta. Hakula siku ya kwanza. Siku ya pili, uji ulikuwa unaletwa na kurudi ulivyo. Wanawake walikuwa wanamsihi, na kadiri walivyomsihi ndivyo alivyozidi kwenda mbali.

Mara tukasikia kikohozi mlangoni. Kilikuwa kikohozi cha baba, kile cha kujitangaza kabla hajaingia. Mdogo wangu akaruka kusimama. Aliyeingia alikuwa Mama Mtani, amevaa koti la baba la kanisani na kofia yake, suruali imekunjwa kama baba alivyoikunja akipita topeni, bega moja limeinama. Akatembea mwendo wa baba mpaka katikati ya chumba. Akaangalia uji, akaangalia ukuta, akamwangalia mama.

"Natoka vitani na njaa yangu," akasema kwa sauti nzito, "nakuta mke kanuna. Pilipili yangu kala nani?"

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Alipogeuka tukaona anacheka, anacheka bila sauti, machozi yanashuka, halafu sauti ikaja, na ndani ya kicheko kilio kikatoka, kile alichokuwa amekizuia tangu siku ya malori. Alilia sana. Alipomaliza, Mama Mtani alichukua bakuli akamlisha kwa mkono wake, akimtukana kila kijiko, na mama akala mpaka mwisho.

Siku ya kuanua matanga baba mkubwa alilirudia lile jambo la kufungasha. Mama alikuwa ameshanawa uso. "Shemeji, nashukuru," akasema. "Watoto hawa nimewalisha kwa mihogo, na nitawasomesha kwa mihogo. Mimi sitoki Manzese, na wao hawaachani." Baba mkubwa alitazama mikono ya mama ile ya majivu, kisha akaomba apewe muhogo aonje. Alfajiri iliyofuata mama alikuwa kwenye lango la kiwanda.

Alitusomesha. Hakuna aliyeachana na mwenzake mpaka tulipooa na kuolewa. Leo ile nyumba haipo, pamejengwa maduka ya vipuri, na mabasi ya mwendokasi yanapita pale tulipopunga matawi. Kimara imejaa watu. Mama amelala Kinondoni, Mama Mtani alizikwa kwao Kisarawe, na wajukuu zao wakikutana husalimiana vizuri tu, bila tusi hata moja. Hawajui kwamba wana haki hiyo.

Lakini kuna kitu ambacho watu waliokuwa ukumbini siku ile hawakukiona. Mama alipokwisha kula, nilipelekwa nyuma ya nyumba kumwaga maji. Nilimkuta Mama Mtani amechuchumaa kwenye kona ya choo, bado kavaa koti la baba, amejiziba mdomo kwa mkono wa koti, analia mpaka mwili mzima unayumba. Waliishi ukuta kwa ukuta na baba miaka yote ile. Aliponiona akajipangusa, akairekebisha kofia.

"Mtani halii mbele ya wenye msiba," akaniambia. "Usimwambie mama yako."

Kisha akakohoa kile kikohozi cha baba, akarudi ndani kuwachekesha watu.