Zillah, Greenwood Mara Mbili

Kule Hollinroyd, juu ya bonde la Calder, ungesimama mlangoni mwa kanisa ukaita Greenwood, nusu ya waumini wangegeuka, na nusu ya pili wangekuuliza unamtaka yupi. Kwa hiyo jina hilo halikuwa na kazi kubwa kijijini. Lilikaa kwenye rejista ya shule, kwenye bahasha na kwenye mawe ya makaburi. Wenyewe waliitana kwa baba na babu. Zillah, aliyezaliwa mwaka 1889, alikuwa Zillah wa Abel wa Jonas, ili asije akachanganywa na Zillah wa Eli, yule mbeya wa kuuza maziwa, na kwa kweli kumchanganya na huyo lingekuwa tusi.

Abel, baba yake, alijenga kuta za mawe za kugawa malisho, na alikuwa na maneno mengi kuliko mawe. Alimwambia binti yake kwamba zamani, watu walipokuwa wakitosheka na jina moja, paliishi mtu kando ya msitu wa kijani juu ya mto. Wenzake wakazoea kumwita kwa ule msitu wake, Greenwood. Akazaa, wanawe wakazaa, miti ikakatwa yote kwa kuni na mbao, jina likabaki.

"Msitu wenyewe sasa ni sisi," Abel alisema. "Tena tunaota hata pasipo udongo."

Mwaka 1912 Zillah aliolewa na Crossley Greenwood, mchukuzi wa makaa ya mawe kutoka upande wa pili wa kilima. Kutwa nzima ya harusi walitaniwa kwamba bibi harusi hana haja hata ya kufumua herufi za jina lake alizotarizi kwenye mashuka. Lakini wanawake wa kanisani walikuwa na furaha yao nyingine. Huko waliamini kwamba mwanamke akiolewa bila kubadili jina, mkono wake una dawa: mkate aliouoka mwenyewe, akaukata na kuupaka siagi kwa mkono wake, humponya mtoto mwenye kifaduro. Sharti mume na mke wasiwe na undugu, na kule kuwapata Greenwood wawili wasio na undugu unaokumbukwa lilikuwa jambo la kushukuru Mungu.

Basi akina mama wakaja. Mama mmoja aliteremka kilima chote, mtoto mgongoni. Zillah hakuamini sana, ila aliona kipande cha mkate hakijamuua mtu. Alikata, akapaka, akampa mtoto mkononi, akambembeleza kidogo. Watoto wengi walipona, kwa kuwa kifaduro chenyewe huchoka kikaondoka, na kila aliyepona alimwongezea sifa. Nami sitakuficha, sifa zilimpendeza. Msichana wa mjenzi wa kuta kuitwa mtu wa maana si kitu kidogo.

Kisha ukaja mwezi wa Februari, mwaka 1917. Crossley alikuwa vitani Ufaransa, na Mercy, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka mitatu. Tangu alipoota meno hakuwahi kula mkate mwingine ila wa mama yake. Kifaduro kilimshika Jumatatu, na siku ya kumi na tisa kikamuua. Siku zote hizo Zillah alikuwa peke yake naye ndani ya nyumba, na hakuna mtu aliyebisha hodi.

Baada ya maziko, mama wa kwanza aliyekuja kuomba aliambiwa, "Hapa hakuna mkate," na mlango ukafungwa. Watu wakanong'ona. Sisi tungesema mganga hajigangi tukaendelea na safari yetu. Wao walisema hivyo hivyo kwa lugha yao, na Zillah alisikia. Crossley alirudi na kifua kibovu. Hawakupata mtoto mwingine. Jina alilopewa mara mbili, na baba kisha na mume, aliliona kama mzaha aliofanyiwa, na kwa miaka kumi hakumkatia mtoto wa mtu hata kipande.

Wakati huo alikuwa mfumaji kiwandani. Mle ndani mashine mia mbili zilinguruma hata ungepasuka koo usingesikika, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo bila sauti, na kila aliyekuelekea alisoma ulichosema. Siri haikuwa na pa kujificha. Ijumaa moja ya Machi, mwaka 1927, Selina Sutcliffe, jirani yake wa mashine ya tatu, alimgeukia.

"Zillah wa Abel," midomo ya Selina ilisema, "Arnold wangu ana kifaduro. Siku ya saba leo. Naomba mkate wako."

"Mtoto wangu mwenyewe haukumponya."

"Najua. Naomba hivyo hivyo."

Zillah akampa mgongo. Kwa wafumaji, kumpa mtu mgongo ni sawa na kuziba masikio mbele yake, na safu nzima iliona.

Kesho yake, Jumamosi, kiwanda kilifungwa adhuhuri kama kawaida, naye akaoka. Crossley alikuwa kitini kwake karibu na moto. Aliitazama mikate ikitoka jokoni, akahesabu kwa macho.

"Mmoja umezidi," alisema.

"Unga ulizidi."

"Selina yuko peke yake, mumewe bado yuko kule kwenye ujenzi wa bwawa."

"Nimpelekee nini, Crossley? Jina? Tumeona kazi yake hilo jina."

"Mpelekee mkate, mama. Yule mtoto hajui hata wewe unaitwa nani."

Zillah aliogopa itakuwaje mtoto asipopona. Na kulikuwa na hofu nyingine aliyoionea aibu hata mbele ya Mungu: aliogopa zaidi akipona. Angemwambia nini Mercy? Mwisho alijitupia shali, akaufunga mkate kwenye kitambaa ungali moto, akatoka na hasira zake.

Selina alifungua mlango, nywele timtim. Zillah hakusalimia. Aliubana mkate kifuani kama wanawake wa huko wakatavyo, akakata, akapaka siagi, akampa Arnold, mtoto wa miaka miwili mwenye macho mekundu. Arnold alilamba siagi, mkate akaurudisha.

"Ameonja," Zillah alisema. "Basi, mimi nakwenda."

Hapo kikohozi kikamshika mtoto. Kilimkunja kimoja baada ya kingine hata uso ukawa wa zambarau, na alipovuta pumzi, ule mlio mwembamba ukajaza chumba. Mikono ya Zillah haikungoja ruhusa. Ilimwinua mtoto, ikamwinamisha mbele, kiganja kimoja kwenye paji la uso, kingine mgongoni, mpaka hewa ikapita. Arnold angekohoa wiki tano zaidi kabla ya kupona, lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo. Alilala begani mwa Zillah, mwili moto, mzito, na Zillah akashindwa kumweka chini.

"Wiki nzima hii hakuna aliyeingia hapa, ila kikongwe ninayemlipa amwangalie mchana," Selina alisema. "Wanaogopa kwa ajili ya watoto wao, siwalaumu. Lakini nimekaa nikafikiri. Wewe ulikaa siku kumi na tisa."

Zillah akamsogeza mtoto vizuri begani.

"Nilipita mlangoni kwako siku zile, Zillah. Nilikuwa sijaolewa, sikuwa na mtoto wa kumwogopea. Nilimsikia Mercy akikohoa. Nikajisemea, anao mkate wake humo ndani, ana haja gani na mimi. Sote tulisema hivyo. Hata supu hatukukuletea."

Hasira ilimpanda Zillah. Miaka kumi alikuwa ameilaumu mikono yake, unga wake, jina lake. Hakuna siku aliyowaza kuulaumu mlango uliokaa kimya. Alitaka kumtukana Selina, na tusi lilikuwa tayari, ila mtoto alikuwa amelala.

"Alikuwaje Mercy?" Selina aliuliza. "Niambie, kama unaweza."

Tangu siku ya maziko, hakuna mtu nje ya nyumba yake aliyelitaja jina la yule mtoto mbele yake. Zillah alikaa kitini taratibu, asije akamwamsha Arnold. Alilia kwanza, kwa muda mrefu, na Selina hakumkataza.

"Alikuwa akila ganda la mkate tu," alisema hatimaye. "Ndani kote anampa paka, kisha ananiambia amemaliza."

Selina alivuta kigoda, akaketi karibu yake.

"Enhe," alisema. "Halafu?"