Shemeji Milo na Nguzo za Watoto wa Watu

Shemeji yangu Milo Kratochvil hajakanyaga chuo kikuu, na usiwe na wasiwasi kwamba utaondoka hapa mjini kwetu Dubrava bila kulijua hilo. Atakwambia mwenyewe kabla hujaagiza bia. Ni nyapara wa mafundi wa nguzo za umeme, na dhoruba ya barafu ikiangusha nyaya, sisi tunapapasa kutafuta mishumaa na yeye anapiga hesabu ya ovataimu. Pesa anayo, simnyimi haki yake. Ana nyumba aliyokwisha kuilipa, pikapu ndefu isiyoingia gereji, na boti. Ziwa la karibu liko mwendo wa nusu siku. Boti hiyo haijawahi kuona samaki, inaona mahindi tu.

Kila majira ya kuchipua shule inamwita azungumze na wanafunzi wanaomaliza. Mimi ni mpishi pale, kwa hiyo namsikia kupitia dirisha la jikoni nitake nisitake.

“Wanangu, mnadanganywa!” hupaza sauti, kifua mbele. “Chuo kikuu ni duka la madeni. Daktari wetu wa meno ana mvi, bado analipa karo! Mimi nililipwa tangu siku ya kwanza ya kujifunza kazi. Miaka michache ya uanagenzi, halafu dola laki moja kwa mwaka, na humwamkii profesa yeyote!”

Watoto hupiga makofi, walimu hutazama viatu vyao. Na mengi anayosema ni kweli, ndiyo maana yananikera zaidi yakitoka kinywani mwake.

Sasa, Milo ana mtoto mmoja tu, Marlee. Huyu hotuba hiyo aliinyonya pamoja na maziwa. Jumapili moja, karibu na kumaliza shule, tulikuwa kwao tunakula bata na kabichi, akaweka uma chini.

“Baba, nimeamua. Nataka kupanda nguzo kama wewe.”

Milo akacheka mpaka akakohoa. “Nani apande nguzo? Wewe utasoma.”

“Nisome nini?”

“Chochote! Sheria. Meno.”

“Meno!” nikaropoka. “Shemeji, si juzi tu umesema daktari wa meno ni mtumwa wa deni?”

“Arlys, kula bata wako.”

“Nakula. Nauliza tu.”

“Yale,” akasema, mdomo umejaa, “ni ya watoto wa watu.”

Jamani! Bila hata haya! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watoto wa watu waparamie nguzo kwenye barafu, mtoto wake akae ofisini kwenye kiti cha kuzunguka. Nikamgeukia dada yangu Lavonne nikitegemea atasema neno.

“Ndiyo, Milo,” akasema Lavonne, akamwongezea mchuzi.

Wiki iliyofuata pikapu ikaota stika ya chuo kikuu kwenye kioo cha nyuma, nyekundu, kubwa kama sinia. Msichana hakuwa ameomba nafasi popote. Akauza mtamba wake aliyemlea mwenyewe, akajilipia shule ya kupanda nguzo, na alipomaliza akapata uanagenzi kwenye shirika dogo la umeme huko magharibi, kwenye vilima vya mchanga ambako ng’ombe ni wengi kuliko watu. Kule ndiko alikopatikana mtu wa kumchukua, maana hapa kwetu baba yake alikuwa ameshafunga mlango.

Na Milo akawa anasema nini baa, akiulizwa binti yuko wapi?

“Yuko magharibi. Anasomea umeme.”

Anasomea! Yule aliyewatukana wasomi maisha yake yote, leo anamvika mtoto joho la uongo. Wenzake walijua, wakawa wanapigana viwiko chini ya meza. Hakuna aliyemwambia usoni, kwa sababu ni Milo anayepanga nani apate zamu za dhoruba. Waoga wakubwa wale.

Mwaka wa tatu wa uanagenzi wake, mashindano ya mafundi wa nguzo yakaja kwenye viwanja vyetu vya maonyesho. Bwana Gaylen Pospisil, mkuu wa umeme wa hapa, akatangaza kwamba kwenye kikosi cha mjini kuna nafasi moja, na atampa mwanagenzi atakayeshinda. Kikosi chenyewe ni cha Milo.

Asubuhi Marlee akaja kwenye meza niliyokuwa nauzia kolachi, vile vimkate vyetu vitamu vya matunda, uso umeungua na jua, mikono imekomaa. Akachukua ya plamu bila kuuliza, kama zamani.

“Mama mdogo, nikishinda leo narudi nyumbani.”

“Kwa baba yako? Una wazimu?”

“Kwa mama. Na kwa baba pia. Mseme utakavyo, hakuna anayeijua nguzo kama yeye. Nataka anifundishe yeye.”

Nikamfungia nyingine kwenye karatasi. Yule mzee hakustahili kusifiwa hivyo, lakini ningemwambiaje mtoto?

Shindano lenyewe ni hili. Mwanagenzi anapanda nguzo kwa vyuma vya miguuni, na yai bichi ndani ya kikapu cha turubai. Kule juu analitia mdomoni, anashuka nalo, na chini anamkabidhi mwamuzi likiwa zima. Anayeshuka kwa pupa hubana meno, na anayebana meno huinywa aibu yake mbele ya watu. Mwamuzi wa nguzo ile alikuwa Milo, kama miaka yote. Walimwomba abadilishane na mwingine, akakataa. “Mimi sijui baba wala binti. Najua yai.”

Vijana waliomtangulia, wengine walimaliza salama lakini polepole, wengine walikuja chini videvu vinachuruzika. Kisha Marlee akapanda. Sijui kazi ile, lakini nina macho. Alipanda bila kelele, hatua zake sawasawa, akashuka hivyohivyo, na muda wake ulipotajwa watu waliguna maana hakuna aliyemkaribia. Akalitoa yai mdomoni, akalifuta kwa mkono wa shati, akamwekea baba yake kiganjani. Alikuwa anatabasamu.

Milo akaligeuza. Akaligeuza tena. Akalinyanyua kwenye jua, akalishusha, akatafuta ufa pande zote, wala hakuupata. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Nilikiona kidole gumba chake kikilibonyeza.

“Limepasuka,” akasema.

Kiini kikamtiririka mpaka kwenye saa ya mkononi. Lavonne, pembeni yangu, akashika mdomo.

“Milo,” Pospisil akasema taratibu, “tumekuona.”

“Sheria ni sheria.”

“Sheria gani? Ninyi nyote mmeona au hamkuona?” Mafundi wakatazama nyasi. Pospisil akamgeukia msichana. “Marlee, umeshinda. Nafasi ni yako. Jumatatu njoo kazini.”

Marlee alikuwa anafungua mkanda wake. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, kwa hasira.

“Asante sana, Bwana Pospisil. Siichukui.”

“Kwa nini, binti?”

Akamtazama baba yake, siyo Pospisil. “Nikiwa juu, kamba anashika mtu wa chini. Huku mtu wa chini ni wewe, Baba. Nimekupa yai tu, umeshindwa kulishika.”

Akabeba vyuma vyake begani, akaondoka kuelekea kwenye gari la wenzake wa magharibi.

Milo akajifuta kwenye suruali. “Lilikuwa na ufa tangu juu,” akatuambia sisi tuliobaki. “Nyinyi hamjui mayai. Lavonne, si lilikuwa na ufa?”

Dada yangu akaokota mkoba wake, akamfuata mtoto.