Ushirika Usio na Tajiri

Tulipoanzisha ushirika wetu wa kupasua mbao, nje kidogo ya Njombe, tulijisifu kwamba hatuna tajiri. Wengi wetu tulikuwa tumechoka kutukanwa kwenye mashamba ya Wazungu. Misumeno ilikuwa yetu, mwenyekiti tulimchagua wenyewe, na kila jambo tuliliamua kwa kunyoosha mikono.

Mwenzangu wa msumeno alikuwa Mbena kama mimi, mtu mpole aliyeoa Kidugala. Mimi nilisimama juu ya gogo, yeye ndani ya shimo tulilochimba chini yake, vumbi la mbao likimwingia machoni kutwa nzima. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Udongo wa shimo ukaanza kumeguka, naye akasema mkutanoni kwamba haingii tena mpaka kuta zishikizwe kwa nguzo.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alipasua mbao kama sisi. Lakini Makambako kulikuwa na mnunuzi aliyetaka mbao zake upesi.

"Tukisimama atatuacha," alisema. "Nani wanataka tuendelee?"

Mikono ikanyooshwa. Mimi na mwenzangu tu ndio hatukunyoosha.

"Basi, wengi wape."

Kesho yake asubuhi, tukiwa katikati ya gogo, nilihisi msumeno umekuwa mzito ghafla. Nikaita, kimya. Ukuta wa shimo ulikuwa umemwangukia. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono, tukiogopa kumkata. Tulipomtoa, kinywa chake kilikuwa kimejaa udongo.

Baada ya matanga mkewe alikuja kambini, mtoto mgongoni. Hakulia.

"Shemeji, tajiri wenu ni nani, nimwendee?"

"Hatuna tajiri, shemeji. Marehemu alikuwa mwenye ushirika, kama sisi sote."

"Kwa hiyo amejiua mwenyewe?"

Wenzangu waliinamia misumeno yao, wakajifanya wanainoa.

Juma lile nilidandia lori hadi Makambako kumtafuta katibu wa chama cha wafanyakazi, aliyekuwa akiandikisha madereva na vibarua wa barabara. Alinisikiliza, kisha akacheka.

"Ninyi ni matajiri wenyewe. Mtamgomea nani?"

"Mtu alisema shimo litamwua," nikamwambia, "tukampigia kura akaingia. Tunataka watu wa kusimama nyuma ya mtu kama huyo, ambao mikono yetu haiwezi kuwashinda."

Akaacha kucheka.

Alipokuja Njombe, mwenyekiti alimpokea kwa hasira. "Mmeleta mgeni aamue mambo ya nyumba yetu!" Nusu yetu tulijiunga na chama; waliobaki walituita wasaliti, na hata kanisani hawakukaa benchi moja nasi. Tuliojiunga tulikataa kwa pamoja kushuka shimoni. Kila msumeno unahitaji watu wawili, na karibu wote wa chini walikuwa upande wetu, kwa hiyo kazi ililala mpaka kuta zishikizwe.

Mnunuzi alituacha kweli, kama mwenyekiti alivyoogopa. Nyumbani tulikula mlenda bila ugali. Baadhi ya wenzetu walirudi mashambani kwa Wazungu, wakiwa wamesahau matusi au wameyazoea. Asubuhi moja mwenyekiti mwenyewe alichukua shoka, akaja kukata nguzo pamoja nasi.

Mjane alirudi kwao Kidugala. Nilimwona baadaye sokoni Njombe, nikamwambia mashimo yote sasa yana nguzo.

"Ni vizuri," akasema, akaendelea kuchagua viazi.