Tembo Niliyemsugua kwa Majivu

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nimechuchumaa nyuma ya kibanda cha fundi saa pale Makambako, nikisugua sarafu ya kale kwa majivu na mchanga kama isuguliwavyo sufuria. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilidhani natenda wema.

Fundi huyo alikuwa Mzee Mligo, mjomba wa mama yangu. Alinitoa Mdandu, kwenye mashamba ya viazi, anifundishe kazi yake. Saa zilimpa chakula. Moyo wake ulikuwa kwenye sarafu za kale zenye picha ya tembo. Wazee wa pale husema jina la Makambako lilitokana na tembo dume, naye aliona mji wenye jina hilo haufai kukosa tembo. Alikuwa nazo saba tu, kwenye kisanduku cha mbao, kila moja na bahasha yake. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ya fedha, ya Warumi wa zamani, zawadi ya padri mgeni ambaye Mzee alimtengenezea saa za misheni kwa miaka mingi. Tembo wake anakanyaga kitu kama nyoka, na chini ya miguu kuna herufi. Ilikuwa nyeusi kama chungu.

Kesho yake mwalimu mmoja kutoka Njombe angeleta wanafunzi wazione. Nikaona aibu. Mgeni aonyeshwe kitu kichafu? Kwetu sufuria za Pasaka husuguliwa mpaka ujione uso. Basi nikaongeza na limau.

Ilipong'aa ndipo nilipoitazama vizuri. Nusu ya herufi zilikuwa zimefutika, na jicho la tembo halikuwapo. Niliirudisha upesi kwenye bahasha, nikijua kwamba Mzee akigundua, jioni nitakuwa kwenye gari la kurudi Mdandu, na ufundi wa saa basi tena.

Aligundua kabla ya saa sita. Mama Tulia, muuza viazi wa jirani, alikuwa amekuja kuchukua saa yake.

“Skola, huyu tembo ameoga wapi?” Mzee akauliza, ameitoa sarafu kwenye bahasha.

“Nimemkuta hivyo, Babu.”

Mama Tulia akachungulia. “Mbona amependeza. Huyu sasa anafaa kwenda harusini.”

“Anafaa,” akasema Mzee, jicho kwenye lenzi. “Na huyu aliyemkuta hivyo ana majivu mpaka kwenye viwiko.”

Mama Tulia alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilificha mikono kwenye khanga, nimeshachelewa.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningeona nafuu. “Weusi ule haukuwa uchafu,” akasema. “Ulikuwa umri wake, nao ndio uliokuwa ukimkinga. Watu wamemshika miaka elfu mbili, kila mmoja akamla kidogo kwa kidole. Wewe asubuhi moja umemla kuliko wote hao.”

Alikuwa na daftari ambalo kila sarafu ilikuwa na ukurasa wake: ilitoka wapi, nani aliishika, ilifikaje kwake. Akanisogezea daftari hilo na kalamu. “Andika kilichompata. Weka majivu, weka limau, weka na jina lako.”

Nikaandika kwa mwandiko mdogo sana. Akaniambia nirudie, maana atakayesoma huenda ana macho kama yake.

Kesho yake wanafunzi walijaa mlangoni. Mmoja akasoma ukurasa ule kwa sauti, akafika kwenye majivu, akauliza, “Skola ndiye nani?”

Mzee alikuwa ameinamia skurubu ya saa. Angeweza kujibu, hakujibu. Nilielewa kwamba nikinyamaza hatanifukuza, ila hataniamini tena.

“Ni mimi,” nikasema.

Walicheka, ndiyo. Kisha mwalimu akaniomba nieleze, nami nikaeleza, na maswali yao juu ya tembo yule asiye na jicho yakawa mengi kuliko ya wale sita wazima. Walipoondoka, Mzee alinikabidhi kisanduku.

“Kaa nacho wewe. Aliyeharibu akasema, huyo namfahamu. Ambaye hajaharibu bado simjui.”

Basi, mwanangu, usikimbilie kusafisha kitu cha kale kabla hujauliza kimebeba nini, iwe sarafu, iwe barua za babu yako, au desturi ya nyumba ulikoolewa. Uliza wanaokifahamu, kisha ngoja jibu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, liseme kosa lako wewe mwenyewe wakati bado linakuuma. Mimi nilidhani ukurasa ule ungenifukuza Makambako, kumbe ndio ulionibakiza.

Mungu akupe mikono yenye subira, na ulimi usioogopa jina lako mwenyewe. Akuzungushie watu ambao, ukikosea, watanyamaza kidogo wakupe nafasi ya kusema.